Hofu ya mazoezi ya kufundisha Kiingereza: jibu kwa mwalimu tarajali

Msomaji wetu ameuliza hivi: "Mwalimu, zimebaki wiki tatu niende mazoezi ya kufundisha. Somo langu ni Kiingereza, na sijawahi kusimama mbele ya darasa halisi. Naogopa nitakosea Kiingereza mbele ya wanafunzi, naogopa hawatanisikiliza, na nikimfikiria mkufunzi ameketi nyuma na fomu yake nakosa usingizi. Tena sina hakika kama ualimu ndio ninaoutaka. Nilichagua Kiingereza kwa sababu nakipenda na nilitumaini kitanipatia kazi nzuri. Je, hofu hii si dalili kwamba kazi hii hainifai?"

Hapana, si dalili hiyo. Naanza na jibu hili kwa sababu ukiingia darasani ukiamini kwamba hofu ni hukumu, kila kosa dogo utalihesabu kuwa ushahidi dhidi yako. Mtafiti wa Marekani, Frances Fuller, aliandika mwaka 1969 kuhusu mambo yanayowasumbua walimu tangu wakiwa chuoni hadi wanapokomaa kazini. Aliona kwamba anayeanza hujifikiria yeye kwanza: nitaweza? watanikubali? anayenikagua atasemaje? Swali la nani ameelewa, nani ameachwa nyuma na kwa nini, huja kushika nafasi baadaye, uzoefu ukiongezeka. Waliofuata baada yake wameonyesha kwamba hatua hizo hazifuatani sawasawa kwa kila mtu, lakini sehemu ya mwanzo inawagusa walimu tarajali wengi sana. Zitazame tena hofu zako tatu: zote zinakuhusu wewe. Ndivyo mwanzo ulivyo. Na humo humo mna tiba, kwa maana ukiondoa macho kwako na kuyaelekeza kwenye kazi anayoifanya mwanafunzi, unapata jambo la kushughulikia badala ya kujitazama.

Kuna chanzo kingine cha hofu ambacho wengi hawakitambui. Dan Lortie, mwanasosholojia aliyewachunguza walimu, alieleza mwaka 1975 kwamba kila anayeingia ualimu amekwisha kuwatazama walimu kwa maelfu ya saa akiwa mwanafunzi. Ila alikuwa akiwatazama kutoka kwenye dawati. Hakuona andalio la somo, hakuona mfano uliofutwa usiku kwa sababu ulikuwa mgumu mno, hakusikia sababu ya mwalimu kumwita huyu na kumwacha yule. Kwa hiyo unafika siku ya kwanza ukidhani kazi hii unaifahamu, kisha unashangaa mambo yasipokwenda. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla ya kengele, na hiyo ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako tangu leo.

Tuje kwenye Kiingereza chako. Elaine Horwitz, aliyetafiti kwa miaka mingi wasiwasi wa watu wanaojifunza lugha za kigeni, alionyesha mwaka 1996 kwamba hata walimu wanaofundisha lugha waliyojifunza ukubwani au shuleni huwa na wasiwasi huo, na kwamba unaweza kuwafanya wakwepe shughuli zinazowadai waizungumze lugha yenyewe. Darasani utaitambua hali hii upesi: kipindi kizima kinaishia kwenye kunakili ubaoni na kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na mwanafunzi anaondoka bila kutamka sentensi moja ya kwake. Usijitwishe mzigo wa kukijua Kiingereza chote kabla ya kuanza. Unachopaswa kukijua barabara ni Kiingereza cha kipindi cha kesho, na hicho kinaandalika.

Fanya hivi usiku wa kuamkia kipindi. Orodhesha maneno mapya, yasizidi manane kwa kipindi cha dakika 40. Kila neno litafute kwenye kamusi, uangalie matamshi na mkazo, hata yale unayodhani unayajua. Walimu wengi hugundua hapo kwamba "vegetable" hutamkwa kwa silabi tatu na si nne, au kwamba mkazo wa "develop" uko kwenye silabi ya pili. Soma kifungu cha habari kwa sauti mara mbili ukiwa umesimama. Kisha fanya mazoezi yote ya kitabu kwa mkono wako, wala usitegemee majibu ya nyuma, kwani vitabu hukosea, na baadhi ya maswali yana majibu mawili yanayokubalika. Mwanafunzi mwepesi atalitoa lile la pili, na kama hukulifikiria utamwambia amekosa wakati amepata.

Andaa pia sentensi ishirini hivi za kuendeshea darasa, uzikariri hadi zitoke zenyewe: kufungua kitabu, kutazama ubaoni, kufanya kazi wawili wawili, kubadilishana daftari, kuacha kuandika. Hizi utazitumia kila siku, na makosa yake wanafunzi watayabeba kwa miaka. Mwanafunzi huambiwa "Open your books at page 30", si "Open page 30".

Ukiulizwa neno usilolijua, usibuni. Liandike kwenye kona ya ubao, sema utalitafuta na wao walitafute, kisha kesho anza kipindi kwa jibu hilo kabla ya jambo jingine lolote. Ukisahau kurudi nalo, hapo ndipo heshima inapopotea. Na mwanafunzi akikuonyesha kosa ubaoni, mshukuru, sahihisha, endelea. Sekunde kumi zinatosha. Kinachowafanya wanafunzi wamdharau mwalimu ni kumwona akilitetea kosa.

Sasa andalio lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa maandalio mengi ya walimu tarajali yana ugonjwa mmoja: lengo haliwezi kupimwa. "Mwanafunzi aelewe used to" si lengo, maana huwezi kumwona mtu akielewa. Andika badala yake: "Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kusema sentensi tatu za kweli kuhusu mambo aliyokuwa akiyafanya zamani na hayafanyi tena, kwa kutumia used to." Lengo likikaa hivyo, kipindi kinaanza kujipanga chenyewe, kwa sababu dakika za mwisho lazima wanafunzi wawe wanasema sentensi hizo.

Gawanya dakika 40 takribani hivi: dakika 5 za kuingia kwenye mada, 10 za kuonyesha maana, muundo na matamshi, 8 za mazoezi unayoyaongoza, 12 za wanafunzi kuzungumza mambo yao, na 5 za kusahihisha na kufunga. Kinachoharibika karibu kila mara ni zile dakika 10 za maelezo. Zinanyooka hadi 25, kengele inalia, na sehemu ambayo wanafunzi wangeitumia lugha inageuka kazi ya nyumbani. Sababu ni hofu: ukiwa unaeleza unajisikia salama, na ukinyamaza waseme wao huwezi kujua watasema nini. Basi kwenye pambizo la andalio usiandike "dakika 10" peke yake. Andika saa na dakika, kwa saa yako ya mkononi, ambapo lazima uwe umeacha kueleza. Kisha uweke alama kwenye zoezi moja utakalolitupa muda ukibana. Ukiamua mapema hutalazimika kuchagua ukiwa umechanganyikiwa.

Katika kuonyesha maana, swali la "Mmeelewa?" halina faida. Watajibu ndiyo, wengine kwa adabu, wengine ili uendelee. Chukua sentensi "I used to play football" na uulize maswali mafupi yanayofichua maana: alicheza zamani? mara moja, au mara nyingi? anacheza siku hizi? Anayejibu ndiyo kwa swali la tatu hajaipata, na umemjua ndani ya nusu dakika. Halafu jiandae kwa mitego mitatu ya mada hii. Wa kwanza ni matamshi: hapa "used" husikika kwa s, na d yake humezwa na t ya "to", tofauti na "used" ya kutumia kitu ambayo ina z. Wa pili ni kukanusha na kuuliza: ikishaingia "did", ile d ya mwisho huondoka, kwa hiyo ni "I didn't use to". Wa tatu ni mwanafunzi atakayekuletea "I am used to walking" na kuuliza mbona ina -ing. Hiyo ni habari ya kuzoea jambo, si ya mazoea yaliyokwisha. Mjibu kwa sentensi moja, umwahidi kipindi chake, urudi kwenye lengo. Ukifungua mlango huo siku hiyo, hutafika.

Maelekezo ya kazi nayo yana utaratibu wake. Yatoe kabla ya kugawa karatasi, kwa sababu karatasi ikifika mezani hakuna anayekusikiliza tena. Sentensi fupi, agizo moja kwa kila sentensi. Fanya mfano mmoja na mwanafunzi mmoja mbele ya wote. Kisha hakikisha: mnaandika au mnazungumza? peke yako au wawili? dakika ngapi? Kelele nyingi zinazohesabiwa kuwa utovu wa nidhamu hutoka kwa wanafunzi wasiojua wafanye nini.

Ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi huko Marekani, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Kwa anayejibu kwa lugha ya kigeni sekunde hizo zina thamani kubwa kuliko hiyo, kwani anatafuta jibu na maneno kwa pamoja. Hesabu kimoyomoyo. Ukimya utauona kuwa mrefu kuliko ulivyo.

Katika kusahihisha makosa ya kusema kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwalimu tarajali alijue. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wa madarasa nchini Kanada ambako watoto walisomeshwa kwa Kifaransa. Njia iliyotumiwa na walimu kuliko zote ilikuwa kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imerekebishwa, na ndiyo iliyoongoza kwa kuwapita wanafunzi bila wao kuitikia. Mwanafunzi anasema "He go to school", mwalimu anasema "Yes, he goes to school", mwanafunzi anasikia ile "yes" anaketi ameridhika. Kama kosa linahusu lengo la siku, msimamishe palepale kwa upole: rudia hadi kabla ya kosa, "He...?", umwachie amalizie mwenyewe. Kama halihusu lengo, na hasa kama yumo kwenye mazungumzo huru, liandike kwenye karatasi yako, na katika zile dakika tano za mwisho weka makosa matatu au manne ubaoni bila kutaja mwenyewe.

Suala la kusikilizwa linawatesa wengi kuliko yote, na ushauri wanaopewa mara nyingi ni mbaya: kaza uso wiki ya kwanza, usitabasamu. Jacob Kounin, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1970, hakukuta tofauti kubwa kati ya madarasa tulivu na yenye vurugu katika namna walimu walivyokemea kosa likishatokea. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: mwalimu anayejua kinachoendelea kila pembe ya chumba, anayeweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na ambaye kipindi chake hakina mapengo ya kusubirisubiri. Kwa lugha ya vitendo, fika kabla yao, uwe na kazi fupi ubaoni wanayoianza mara tu wakiketi, kisha usigeuze mgongo ukiandika kwa dakika tano mfululizo. Andika mistari miwili, geuka, uliza swali, endelea.

Chora ramani ya viti wiki ya kwanza na ujifunze majina kwa safu. Kumwita mtu kwa jina lake kunanyamazisha kuliko sauti kubwa, na kunaokoa koo lako. Usipaze sauti juu ya kelele, maana wataongeza yao. Simama mahali pamoja, subiri, anza kwa sauti ya kawaida. Usitishie adhabu usiyo na mamlaka ya kuitoa. Muulize mwalimu mlezi, yule mwenye darasa, kanuni zipi tayari zipo, uzifuate hizohizo, kwa sababu darasa si lako na utaliacha. Na tafadhali usimwadhibu mtu kwa kumwandikisha sentensi mia za Kiingereza. Unamfundisha kwamba lugha unayotaka aipende ni adhabu.

Kuhusu mkufunzi na fomu yake, anachokitafuta kwanza ni mnyororo: lengo, shughuli, na upimaji wa mwisho vinahusiana? Andalio lenye lengo la kuzungumza na zoezi la mwisho la kujaza nafasi limekatika kabla hujafungua mdomo. Kuwa na jalada lililokamilika siku zote, lenye azimio la kazi, maandalio na tathmini zako, pamoja na nakala ya ziada ya andalio la siku. Muwekee kiti nyuma, msalimu, kisha fundisha wanafunzi. Usirudie kipindi ulichokwisha kukifundisha ili kionekane kizuri. Wanafunzi watajibu kabla hujauliza, naye atatambua. Ukilazimika kuacha andalio katikati kwa sababu darasa halijaelewa, liache, uandike sababu kwenye tathmini. Mkaguzi mwenye uzoefu huona hapo mwalimu anayewatazama wanafunzi wake.

Tathmini yenyewe isiwe "somo lilikuwa zuri, wanafunzi walishiriki". Andika: "Wanafunzi 18 kati ya 45 waliandika 'I didn't used to'. Kesho dakika 5 za mwanzo: kukanusha." Hapo kipindi kijacho kimekwisha kuanza kuandaliwa. Mwalimu mlezi na mkufunzi wakipingana, jambo linalotokea mara nyingi, usimpeleke mmoja kwa mwenzake kama kesi. Waulize wote wawili waliona nini kwa wanafunzi kilichowafanya waseme hivyo. Mara nyingi wanazungumzia dakika tofauti za kipindi kimoja.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini litakuchosha ni daftari. Wanafunzi 50 kwa dakika tatu kila daftari ni saa mbili na nusu kwa zoezi moja. Toa sentensi tano badala ya kumi na tano, sahihisha kosa la lengo la siku tu, na nyingine zipitie ukitembea kati ya madawati wakiwa wanaandika. Mwalimu tarajali anayekesha akisahihisha hufundisha vibaya asubuhi, kisha hudhani ualimu haumfai kumbe ni usingizi.

Nalo swali la kazi: usiliamue wiki mbili za mwanzo. Wakati huo huwezi kutenganisha uchovu, ugeni wa shule na kazi yenyewe. Kila Ijumaa andika mistari mitatu: saa gani nilisahau kujitazama, kazi gani ningependa kuirudia, kazi gani niliiahirisha. Uwe mkweli, kwa kuwa kuipenda lugha na kupenda kuifundisha ni mapenzi mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa na moja tu. Ukiona unafurahia kuandaa kifungu na maswali kuliko kukifundisha, huenda uandishi na uhariri wa vitabu vya kiada ndio mwelekeo wako, au utungaji wa mitihani. Ukifurahia watu wazima wenye haja mahususi, kuna ufundishaji wa Kiingereza cha kazi: wauguzi, wahudumu wa hoteli, na hata marubani, ambao hupimwa kwa ngazi sita zilizowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na wanaoruka safari za kimataifa hutakiwa kufika angalau ya nne. Tafsiri, mitaala na ufundishaji wa mtandaoni nazo ni njia. Wanaotaka kufundisha watu wazima nje ya mfumo wa shule mara nyingi huongeza cheti cha kufundisha Kiingereza kama CELTA, ambacho ndani yake mna saa sita za kufundisha huku ukipimwa. Nakuambia wazi kwamba karibu njia zote hizi huthamini miaka ya darasani, kwa hiyo mazoezi haya hayapotei hata ukiishia kwingine.

Kabla hujaondoka shuleni, kusanya maandalio matatu uliyoridhika nayo pamoja na sampuli za kazi za wanafunzi zisizo na majina. Barua ya mapendekezo mwombe mwalimu mlezi wiki moja kabla ya mwisho, wala usingoje siku ya kuaga, na umkumbushe vipindi viwili alivyoviona mwenyewe ili awe na jambo mahususi la kuandika.